Visu Sita vya Baba Deo

Mwezi uliopita nilikwenda kutibiwa jino. Daktari alinipiga ganzi, akasubiri kidogo, akawasha mashine yake na kuanza kukereza. Sikusikia maumivu yoyote. Nilichosikia ni harufu. Mfupa unaokatwa una harufu yake, kavu kama chokaa, na ndani yake kuna kitu kama nywele zilizoungua. Inakaa nyuma ya pua hata ukishatoka nje. Machozi yakanitoka. Daktari akazima mashine. "Inauma, mama?" Nikatikisa kichwa. Hakuniamini, akaongeza ganzi. Sikuwa na namna ya kumweleza, mdomo ulikuwa umejaa pamba.

Baba alikuwa amezikwa miezi mitatu kabla ya siku hiyo. Msibani sikulia. Watu waliliona hilo, na shangazi yangu mmoja alilisema kwa sauti ili nisikie. Haya ninayaandikia kwanza watu wa rika langu, tuliochota maji kijijini Misunkumilo wakati nyumba za bati zilipokuwa za kuhesabika. Kuna jambo nililolisema nikiwa na miaka saba, na msibani hakuna aliyelitaja, kwa sababu wengi waliolijua wametangulia na waliobaki ni waungwana.

Baba alikuwa fundi wa vyuma. Watu walimwita Fundi, au Baba Deo kwa jina la kaka yangu. Banda lake lilikuwa nyuma ya nyumba, nguzo nne na nyasi juu, mvukuto wa ngozi, na kipande cha reli alichokitumia kama fuawe ya kufulia chuma. Alifua majembe na mashoka. Mvua zikikaribia, watu walikaa nje ya banda tangu asubuhi wakisubiri zamu. Lakini ujanani alikuwa amefundishwa kazi nyingine na bruda mmoja wa misheni kule Karema, kazi ya kutengeneza visu vya kukunja. Huku kwetu hakuna aliyevihitaji. Mtu mwenye panga ana panga. Baba alibaki na kimoja tu alichokitengeneza akiwa Karema, akikitumia kukatia tumbaku, na Deo alikuwa hachoki kukiomba.

"Baba, na mimi nitengenezee cha kwangu."

"Tukishavuna."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo, tukishavuna."

"Mwaka jana ulivuna wewe? Ulikuwa unakula miwa."

Deo alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa anajua kucheka mpaka anakaa chini. Kijiji kizima kilijua kwamba Deo wa Fundi ameahidiwa kisu, maana alikuwa ameshawatangazia wote na kuwaambia nani ataruhusiwa kukishika na nani hataruhusiwa. Mwanzoni mwa masika ya mwaka huo akaugua homa. Siku ya tatu walimpakia nyuma ya baiskeli kumpeleka hospitali, na waligeuza baiskeli kabla hawajafika nusu ya njia.

Mimi sikumwona akizikwa. Nilipelekwa Ilembo kwa mama mdogo, nikakaa huko mpaka matanga yakaisha. Niliporudi, kitanda chake cha kamba hakikuwepo. Nilipouliza yuko wapi, waliniambia, "Deo amelala kule," wakanyoosha mkono kwenye njia ya makaburini. Hawakuongeza neno. Nilifikiri watu wakilala huamka, na kama hawaamki, basi mtu anakwenda kuwachukua.

Njia hiyo ya makaburini ndiyo inayokwenda pia machinjioni. Hilo sikulijua. Asubuhi moja nikamwona baba anarudi kwa njia ile, kiroba begani. Ndani ya kiroba vitu vilikuwa vinagongana taratibu kila alipopiga hatua. Hakunisalimia. Alipita mpaka bandani, akaweka sufuria kuukuu motoni, akamimina maji na majivu, akavitumbukiza vile vitu. Povu la kijivu likapanda. Mama alisimama mlango wa jikoni akaangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hiyo sufuria isirudi jikoni kwangu." Baba akachochea moto. Jioni alivianika juu ya kipande cha bati. Ilikuwa mifupa mirefu, imetakata, myeupe kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona nyumbani kwetu.

Sikuogopa. Mpaka leo hilo linanishangaza. Nilijua papo hapo ni nani. Baba amekwenda kumchukua, nikasema moyoni, amemrudisha. Nilisogea nikaulaza mkono wangu kando ya mfupa mmoja. Ulikuwa mnene sana kwa mguu wa Deo, nikaona basi amenenepa huko alikolala.

Akaanza kuikata kwa msumeno mdogo. Hapo ndipo ilipoanza ile harufu. Iliingia ndani ya nyumba, ikaingia kwenye nguo, ikaingia kwenye mito ya kulalia. Vumbi jeupe lilimkaa baba kwenye nyusi na kope. Alipokuja kula, mama alimmwagia maji mikononi, akammwagia tena, akammwagia tena, mpaka jagi likaisha. Mimi nilikuwa nauangalia ugali wa muhogo kwenye sahani, mweupe vile vile, nikala taratibu kwa heshima.

Kisu cha kwanza kilipokamilika alinionyesha. Bapa lilikuwa la springi ya lori, limefuliwa mpaka likawa jembamba kama jani changa la mgomba, linang'aa. Mpini ulikuwa vipande viwili vya mfupa vilivyobana chuma katikati, vimeshikwa na misumari midogo ya shaba aliyoipata kwenye kufuli bovu. Ukipitisha kidole hukuona mfupa unaishia wapi na shaba inaanzia wapi. Alikikunjua, kikalia *tak*. Alikikunja, kikalia *tak* nyingine, ya chini zaidi. Mimi nilisikia mtu anaitika.

Deo alikuwa na marafiki sita. Baba aliamua kila mmoja apate kisu. Hakusema kwa nini. Alinishika mkono tukaenda kwa Faustini, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa dawati moja na kaka yangu. Baba yake Faustini alitupa viti nje. Baba akatoa kisu mfukoni, kimefungwa kwenye kitambaa, akampa mtoto. Faustini alipiga goti akakipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea mtu sahani ya mgeni.

"Kikunjue basi tuone," baba akasema.

Faustini akamtazama baba yake.

"Ataona baadaye, Baba Deo," mzee yule akasema. "Asante sana. Umefanya jambo kubwa."

"Si jambo. Akikunjue tu."

Mtoto akaweka ukucha kwenye bapa, akalivuta kidogo, likatoka nusu. Akalirudisha. Uso wake haukuwa na kitu. Baba alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, macho kwenye uso ule, na alikaa hivyo mpaka watu wakaona vibaya. Mama yake Faustini akaleta karanga ili watu wapate la kufanya na mikono.

Njiani kurudi baba alisema, "Kimekaza. Kwa kidole cha mtoto kimekaza." Hakuwa anazungumza na mimi.

Lazima niwaeleze hapa desturi yetu, wale ambao hamkukulia huku. Mtu mzima akifa, matanga yakiisha, hutafutwa mrithi wa jina lake. Mrithi anapewa mkononi kitu cha marehemu, shoka, upinde au kisu, na akishakishika ndiye yeye. Ataitwa kwa jina lile, na wafiwa watamsalimia kama walivyomsalimia aliyeondoka. Mtoto harithiwi. Mtoto anaachwa aende zake. Sasa huyu hapa Fundi, mtu aliyefiwa juzi, anapita nyumba kwa nyumba na visu, na kila mtu anajua Deo aliahidiwa kisu. Nani atakataa mbele ya mfiwa? Na nani atafurahi mtoto wake akikishika? Baba aliijua desturi kama wao, ila aliona haimhusu. Kwake, kitu kipya hakiwezi kuwa cha marehemu. Kwao, kitu kilichoahidiwa kilikuwa cha marehemu tayari. Hakuna aliyelisema waziwazi, si yeye wala wao, na kila upande ulidhani upande wa pili unaelewa.

Kisu cha pili kilikuwa laini zaidi, kikikunjuka kwa kidole kimoja. Mtoto alikipokea, akasema asante, akakiweka kwenye dirisha. Baba akarudi akisema mpini ni mnene. Cha tatu alikifanya chembamba, akampelekea Masanja.

Masanja alikuwa wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe ng'ambo ya mto. Alikuwa mrefu, miguu yenye vumbi, na Deo ndiye aliyemfundisha kuogelea. Tulimkuta njiani anachunga. Baba akamkabidhi kisu. Masanja alikitazama mara moja, akainua macho, akaona ng'ombe wake wawili wameingia kwenye muhogo wa mtu. "Wee! Wee!" Akakisukuma mfukoni mwa kaptula na kukimbia. Hata asante hakusema. Baba alibaki amesimama barabarani.

"Huyu hata hakukiangalia," akasema.

Cha nne akakichora maua madogo kwenye mfupa kwa ncha ya msumari uliopata moto. Cha tano akakitengenezea mahali pa kupitisha kamba. Cha sita kilikuwa kizuri kiasi kwamba hata mimi, mtoto, nilisogea kukitazama. Kila kimoja kilizidi kilichotangulia, na nyuso zilikuwa zile zile. Watu waliokuja kwa ajili ya majembe walikaa, wakaangalia, wakaondoka. Mama alimwambia, "Baba Deo, mvua hizi hapa, watu wanauliza majembe." Akajibu, "Watapata." Hakuwapa. Alikuwa hazungumzi mezani. Mimi alikuwa ananiita "mama" siku zote, kama baba wa huku wanavyowaita binti zao. Siku hizo hakuniita chochote.

Nilimsikia mama akimwambia mama mdogo aliyekuja kututembelea, "Hataacha. Mpaka mmoja wa watoto wale acheke na kisu mkononi, hataacha. Na hawatacheka. Wameshaambiwa makwao wasivikunjue."

"Sasa utafanyaje?"

"Nifanye nini? Mume wangu simwoni. Yupo, lakini simwoni."

Siku iliyofuata ndipo niliposema neno langu. Nilikuwa kisimani na kidumu changu. Faustini na wenzake wawili walikuwa hapo. Tangu msiba walikuwa wakinyamaza kila ninapofika. Siku ile Faustini akajikaza.

"We mdogo wake Deo. Eti Deo huwa anakuja kwenu?"

"Haji," nikasema. "Yupo."

"Yupo wapi?"

"Bandani. Baba alikwenda kumchukua kule. Sasa anamkata anawapa nyie."

Wale watoto hawakupiga kelele. Ningekumbuka kama wangepiga kelele. Mmoja alitazama mfuko wake kama mtu aliyeambiwa kuna nge. Wakainua madumu yao yamejaa nusu, wakaondoka, na mimi nikachota maji yangu nikijisikia mtu mkubwa, kwa sababu nilikuwa nimewaeleza watu jambo wasilolijua.

Nyumbani nikamkuta baba ameanza kisu cha saba. Mama alikuwa amesimama nje ya banda.

"Watoto wameisha, Baba Deo. Hicho cha nani?"

"Sijui," baba akasema, akaendelea kupiga tupa.

Siku chache baadaye mama alinituma kuchuma mlenda pori. Unaota sana kule makaburini, kwa sababu hakuna anayelima pale. Ilikuwa saa saba mchana. Wanaolijua pori letu wanaijua saa hiyo. Ndege wamenyamaza, nyenje wanalia sauti moja mpaka husikii tena kama wanalia, na jua liko juu kabisa, huna kivuli. Kaburi la Deo nililijua kwa msalaba wake wa mbao. Nilipofika karibu nikaona vitu vyeupe juu ya udongo.

Vilikuwa visu. Vimekunjwa, vimelazwa kimoja kimoja, si kwa mstari wala kwa mpango. Kimoja karibu na msalaba, viwili pembeni, kimoja kimeanza kufukiwa na mchwa, kimoja kimewekwa juu ya jani kana kwamba aliyekileta hakutaka kukigusisha chini. Leo najua neno langu la kisimani liliwafikia wote watano, wakaja kila mmoja kwa siku yake, kwa siri, bila kuambiana. Ukitaka kuijua hofu ya mtoto, fikiria mvulana wa miaka kumi na miwili anaingia makaburini peke yake mchana ule kurudisha kitu. Mimi sikuwafikiria. Mimi niliona mifupa imerudi yenyewe. Deo alikuwa amejikusanya. Alikuwa ameondoka kwenye madirisha ya watu, na mifukoni mwa watu, akaja kulala kitandani kwake.

Nikavihesabu. Vilikuwa vitano.

Nilihesabu tena. Nilikuwepo baba alipotoa kila kimoja, nilijua ni sita. Kile cha tatu chenye mpini mwembamba, cha Masanja, hakikuwepo. Basi hapo ndipo hofu iliponishika kweli kweli. Kaka yangu alikuwa amepungua mfupa mmoja. Atalalaje? Akiamka atatembeaje? Niliacha kikapu cha mlenda pale pale, nikakimbia mpaka mtoni.

Masanja alikuwa ananywesha ng'ombe. Aliponiona alitaka kujificha nyuma ya fahali.

"Toa mfupa wa Deo," nikamwambia.

"Mfupa gani?"

"Ule aliokupa baba. Mingine yote imerudi, umebaki huo wako."

Alijishika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa mkubwa kwangu karibu mara mbili, na akaanza kunibembeleza. "Mdogo wangu, usimwambie Fundi. Kimepotea. Kiliniponyoka hapa hapa, maji yalikuwa mengi. Nimekitafuta kila siku. Ndiyo maana siji kwenu. Nitamtazama vipi?"

Tukaingia majini wote wawili. Tulipapasa chini ya mawe na kwenye mizizi mpaka vidole vikakunjamana na ng'ombe wakatawanyika. Hatukupata kitu. Nilirudi nyumbani nimelowa, matope mpaka nywele, sina mlenda wala kikapu, nalia kwa sauti.

Baba alitoka bandani. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama sawasawa tangu msiba.

"Nani kakupiga?"

"Deo hatimii."

"Nini?"

"Deo hatimii, baba. Amerudi wote ila mfupa mmoja. Masanja ameupoteza mtoni."

Alichuchumaa akanishika mabega. Aliniambia nieleze tangu mwanzo, na nikaeleza yote, kiroba, sufuria, mkono wangu niliopimia, kisima na nilichowaambia kina Faustini. Nilieleza kama mtu anayesimulia habari njema iliyoharibika mwishoni. Alipokuwa ananisikiliza, vidole vyake vililegea taratibu mabegani mwangu. Kisha akasimama akasema, "Nipeleke."

Tulifika jua likiwa limeinama kidogo. Baba alivitazama visu vyake kwa muda. Akakaa chini kabisa, kwenye udongo. Akaokota kimoja, akakikunjua, *tak*, akakipeleka karibu na jicho. Akaokota kingine. Nilidhani anaangalia kutu. Alikuwa anaangalia mafuta ya nyonyo aliyoyapaka kwenye bapa siku ya kuvikabidhi. Yalikuwa bado yapo, hayajaguswa. Visu vyote vitano havikuwa vimekata hata kipande cha muwa.

"Hii ni mifupa ya ng'ombe, mama," akasema bila kunitazama. "Ya machinjioni. Kaka yako yuko humu chini mzima, nilimweka mwenyewe. Hakuna aliyemgusa."

Sikumwamini mara moja, nasema kweli. Iliniwia rahisi zaidi kuamini nilichokiona kuliko alichoniambia.

"Uliwaambia watoto namkata Deo."

"Ndiyo, baba."

Nilisubiri kofi. Halikuja. Alikuwa anakunja visu, kimoja kimoja.

"Hawakufurahi hata kabla hujasema," akasema. Akakunja cha mwisho, akauliza, "Na wewe? Kile ninachotengeneza sasa nikikupa wewe, utafurahi?"

Hapo mtu mwingine angejua la kusema. Mama angejua. Mimi nilifikiri kwa dhati, nikajiona nimekishika, nikaisikia ile *tak* mkononi mwangu.

"Hapana, baba."

Akaitika kwa kichwa kama mtu aliyeletewa kipimo alichokuwa anakitafuta. Kile cha saba hakukimaliza. Wiki ile ile alianza majembe. Lakini hayo yalikuja baadaye. Pale kaburini alivikandamiza vile visu vitano kwenye udongo kwa kiganja, kila kimoja, mpaka visionekane, akajifuta mikono. Halafu akageuka ghafla.

"Masanja alikipotezaje?"

"Kilimponyoka mtoni."

"Akifanya nini?"

"Sijui."

"Alikuwa amekikunjua?"

"Sijui, baba."

Akaniinua akaniweka mgongoni, mimi mtoto wa miaka saba mwenye miguu mirefu, akaelekea mtoni karibu kwa kukimbia. Tulivuka, tukafika kwa kina Masanja ng'ombe wakiwa wanaingia zizini, vumbi limejaa uwanja mzima. Masanja alituona akatoweka nyuma ya nyumba. Baba yake akaja amevua kofia.

"Fundi, nimesikia. Mtoto wangu amekosa. Niambie unataka nini, nikupe."

"Sitaki kitu. Mwite tu."

"Masanja! Toka huko! Unamkimbia mtu uliyemkosea?"

Akatoka, anatazama vidole vya miguu yake. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kilipotea ukifanya nini?"

"Nisamehe, mzee."

"Sikuulizi hivyo. Nakuuliza ulikuwa unafanya nini nacho."

Masanja alimtazama baba yake, na yule mzee hakujua amsaidie vipi. Wao walikuwa wageni, hawakujua habari ya kurithi jina. Hakuna aliyemwambia mtoto huyu asikikunjue.

"Nilikuwa namtoa ndama mwiba," akasema kwa sauti ndogo. "Mwiba uliingia kwenye kwato. Nikamwingiza majini ili atulie. Nikachimbua kwa ile ncha. Ukatoka. Akarusha teke, kikaruka."

"Mwiba ulitoka?"

"Ulitoka wote, mzee. Mrefu hivi."

"Ncha haikupinda?"

"Kisu kile kipinde?" Masanja akainua uso, amesahau kuogopa. "Mzee, kilikuwa kama wembe! Nilichongea fimbo, nilichongea filimbi tatu, nilikatia kamba za katani, mapapai, kila kitu. Nilikuwa nalala nacho hapa." Akajigusa ubavuni. "Watoto wa huku kwetu walikuwa wananifuata kama kuku, eti Masanja, kikunjue tena tusikie. Nawaambia pangeni mstari! Kilipoingia majini nililia siku mbili, muulize mama."

"Alikataa hata kula," mama yake akasema kutoka mlangoni.

Nilishuka mgongoni mwa baba, nikasimama kando yake. Niliuona uso wake kutoka chini. Kwa mara ya kwanza tangu msiba vumbi jeupe la kwenye kope lilikuwa limelowa, linashuka mashavuni kwa michirizi. Akatafuta mahali pa kukaa. Akakuta gogo la kukamulia, akakaa, akamvuta Masanja kwa mkono mpaka mtoto akasimama katikati ya magoti yake.

"Sasa nisimulie tena," akasema. "Anzia pale uliposhika kwato. Usiruke kitu."